Noon: neno la saa tisa linalosimama saa sita

Kwa Kiingereza cha leo, noon ni saa sita kamili mchana, jua likiwa utosini. Mwanafunzi akijua hivyo, mtihani hautamshinda. Lakini ukilichimba neno lenyewe hukuti sita ndani yake, wala kumi na mbili inayosomeka kwenye saa ya ukutani. Unakuta tisa. Na sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kuielewa hadithi yake upesi kuliko Waingereza wenyewe, maana bado tunahesabu saa kwa namna ile iliyolizaa.

Warumi wa kale waliugawa mchana mafungu 12, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Saa ya kwanza ilikuwa asubuhi, ya sita ikaangukia adhuhuri, na ya tisa ikawa alasiri. Hiyo ya tisa waliiita nona hora. Ni hesabu yetu hasa, isipokuwa saa zao zilirefuka na kufupika kufuata majira ya mwaka, kwa kuwa mbali na ikweta urefu wa mchana hubadilika sana.

Hesabu hiyo imo katika Injili. Siku ya kusulubiwa kwa Yesu, giza lilianza saa sita likadumu hadi saa tisa, na Biblia ya Kiswahili inasema hivyohivyo bila kugeuza chochote. Baadhi ya tafsiri mpya za Kiingereza zimebadilisha saa hizo zifuate saa ya kisasa, hivyo husema giza lilianza noon likaisha saa tatu ya kwao. Mimi kila nikifika hapo husimama kidogo: neno lililozaliwa likiwa na maana ya tisa ndilo lililokalia kiti cha sita, katika sentensi ileile inayozitaja zote mbili!

Limefikaje huko? Wakristo wa kale walikuwa na sala ya saa tisa, nayo ikaitwa nona. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, iliwaagiza watawa kwamba kuanzia katikati ya Septemba hadi Kwaresima wale mlo wao baada ya sala hiyo. Neno likavuka bahari hadi Uingereza likawa nōn, na kwa muda mrefu lilimaanisha saa tisa alasiri. Kuanzia karne ya 12 likaanza kusogea nyuma, na kufikia karne ya 14 lilikuwa limetulia saa sita. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sala, au mlo uliofungamana nayo, uliwahishwa kidogo kidogo, na jina likafuata. Nadhani mtu mwenye njaa hahitaji ushahidi zaidi ya huo. Fikiria watu wa pwani wangeanza kuswali alasiri mapema, mapema zaidi, hadi mchana wa jua kali ukaitwa alasiri. Ndicho kilicholipata neno hili.

Kwa Kiaisilandi nón bado ni saa tisa alasiri, na kwa Kiwelisi neno la alasiri, prynhawn, limebeba nona hiyohiyo tumboni. Nalo November lina asili moja na noon: novem ni tisa kwa Kilatini, na mwezi huo ulikuwa wa tisa katika kalenda ya kale ya Kirumi kabla ya kuwa wa 11.

Tahajia haina taabu: n, o mbili, n, na ukilisoma kutoka nyuma ni lilelile. Hutamkwa «nuun». Zamani lilitamkwa kwa o ndefu, kama ilivyokuwa kwa moon. Baadaye o ndefu za Kiingereza zikageuka kuwa u ndefu, lakini maandishi yakabaki na o zake.

Katika matumizi husemwa at noon, bila the, ila afternoon huchukua in the. Afternoon yenyewe ni «baada ya noon», yaani kuanzia saa sita mchana kwenda mbele. Jambo la kuangalia ni 12 pm. Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya «baada ya katikati ya mchana», na noon ndiyo katikati yenyewe, haiwezi kuwa baada yake. Kwa hiyo waandishi waangalifu huandika 12 noon, na usiku 12 midnight. Ukitafsiri tangazo la mkutano au ratiba ya basi yenye 12 noon, andika saa sita mchana. Ukiandika saa 12, msomaji wako atafika jioni, au atadamka alfajiri.