Koni kwanza, saketi baadaye: maneno ya fundi wa breki

Wiki jana kijana mmoja aliingiza gari lake karakanani kwangu hapa Kampemba, Lubumbashi, akaniuliza: "Papa, gari yangu iko tayari kwa saketi?" Yaani ile barabara maalumu ya mbio za magari. Nilifungua kikopo cha mafuta ya breki, nikakuta yamekuwa meusi kama kahawa. Nikamwambia aanze na otokrosi, naye akadhani namdharau.

Labda jina ndilo lilimchanganya. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, tukisikia otokrosi tunaona magari yakisukumana kwenye udongo. Ninayoisema mimi ni ya Kimarekani: uwanja mpana wa lami, koni zimepangwa kona baada ya kona, gari moja linaingia, saa inahesabu. Huko kwao ukiangusha koni, kwa kawaida unaongezewa sekunde 2. Zamu moja ni kama dakika moja, na ni nadra mwendo kupita sana 100 km/h.

Siku ya saketi ni kitu kingine. Unalipa, unapangwa na wenye uzoefu kama wako, mnaingia magari mengi pamoja kwa dakika 20 hivi, kisha mnatoka kupumzika. Hakuna mshindi. Kwa wanaoanza, kupita gari la mbele kunaruhusiwa sehemu maalumu tu, tena mpaka dereva wake akupe ishara ya mkono. Bendera ya manjano ikipepea, kuna hatari mbele na hakuna kupitana.

Mimi naangalia breki, na hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuigeuza joto huongezeka mara nne. Kutoka 60 hadi 180 ni mara tisa. Kwenye koni unafunga breki kidogo, kisha unasubiri foleni na diski zinapoa. Kwenye saketi kona inafuata kona, diski hazipati nafasi ya kupumua. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya 230°C. Lakini yanavuta unyevu wa hewa, na masika yetu yana unyevu mwingi. Yakishalowa, kipimo chao cha chini ni 155°C. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedeli, inazama hadi sakafuni, gari linaendelea. Yalinipata mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza wa saketi. Mchanga wa pembeni ya kona ndio ulionisimamisha.

Ndiyo maana nawapeleka vijana kwenye koni kwanza. Kosa linaangusha plastiki. Na koni zinafundisha kweli: kutazama kona ijayo badala ya ile uliyomo, kulegeza usukani uzito wa gari unapohama, kujua tairi za mbele zinaanza kuteleza lini. Lawama moja ni ya haki, kwamba siku nzima huenda ukaendesha dakika zisizofika kumi. Mwenye kiu ya kuendesha ataishia saketi tu.

Basi ajiandae. Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, ina kilomita 4.5 kwa mzunguko, na gari lililokupeleka ndilo litakalokurudisha kupitia Zambia hadi mpakani kwetu Kasumbalesa. Badilisha mafuta ya breki yote, usiongezee juu ya ya zamani. Pedi ziwe nene, tairi zisiwe na nyufa, helmeti iwe imara. Kwa koni hapa nyumbani, kiangazi kinatosha: uwanja wa lami usio na nguzo, ruhusa ya mwenye uwanja, ufagio wa kuondoa kokoto, watazamaji mbali. Barabara ya Likasi, yenye malori ya madini, si saketi ya mtu yeyote.

Na ukitoka saketi, zungusha mzunguko wa mwisho polepole kupoza diski, halafu egesha kwa gia na kabari chini ya tairi. Usivute breki ya mkono. Pedi za moto huganda kwenye diski.