Kabla hamjanunua seva ya pili

Swali linalotufikia mara kwa mara kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mbeya, kutoka SACCOS, shule na vyama vya ushirika vya wakulima, huwa ni hili: "Tuna seva moja. Mfumo wa malipo unadai lugha ya PHP toleo la 8.2, ule mpya wa wanachama unadai 8.4, na vikikaa pamoja vinagombana. Tununue seva nyingine?" Mara nyingi jibu letu ni hapana. Fedha hiyo inunue betri za UPS na diski ya nje. Seva mliyo nayo igawanyeni kwa kontena.

Kontena ina faili zake, watumiaji wake, programu zake na anwani yake ya IP, lakini kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni ileile ya seva. Chukulia nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake, ila msingi na paa ni vya wote. Utaratibu huu si wa jana. Mfumo endeshi wa FreeBSD ulikuwa nao mwaka 2000, na Linux ikapata zana ya kontena iitwayo LXC mwaka 2008. Sisi siku hizi tunapendekeza Incus, programu huria ya kusimamia kontena iliyochipuka mwaka 2023 kutoka nyingine iitwayo LXD. Debian 13 na Ubuntu 24.04, ambazo ni aina za Linux, zinayo tayari kwenye hazina zao za programu. Ukishaisakinisha, andika `incus admin init` ujibu maswali yake. Kazi yote ni ya terminali, yaani ya kuandika amri, na kwetu hilo ni nafuu kubwa: ukiwa Tukuyu na intaneti ya simu inayosuasua, SSH, njia ya kuandika amri kwenye seva ukiwa mbali, hupita pale ambapo programu ya kuonyesha skrini nzima ingekwama.

Mfumo wa malipo utakaa kwenye Debian 12, inayokuja na PHP 8.2:

`incus launch images:debian/12 malipo`

Ule wa wanachama mpe `images:debian/13`, yenye 8.4, na ugomvi umekwisha. Kuona kontena zote, ipi imewaka na IP yake ni ipi, andika `incus list`. Kuingia ndani ni `incus exec malipo -- bash`. Kabla hujaandika chochote, tazama mwanzo wa mstari: lazima pasomeke `root@malipo`. Ukiona jina la seva, bado uko nje, na `rm` utakayoandika hapo itafuta faili za seva yenyewe.

Wengi huishia hapo, na matatizo huanza hapo. Kontena isiyo na kikomo inaweza kumeza kumbukumbu yote ya seva, ripoti ya mwisho wa mwezi ya mfumo mmoja ikaangusha mingine. Weka `incus config set malipo limits.memory=2GiB`, kisha ingia ndani uandike `free -m`. Hata seva ikiwa na GB 16, kontena itaona MB 2048 tu.

Halafu umeme. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua na radi za huku tunazijua wote. Umeme ukirudi saa tisa usiku, hakuna mtu ofisini wa kuwasha kontena, kwa hiyo kila moja iwekewe `boot.autostart=true`. Kama hifadhidata iko kwenye kontena yake, ianze kabla ya mifumo inayoitegemea: ipe `boot.autostart.priority=20`, malipo 10, maana namba kubwa hutangulia. Ongeza `boot.autostart.delay=15` kwenye hifadhidata ili inayofuata isubiri sekunde 15. Bila hivyo asubuhi mhasibu anakuta ukurasa wa hitilafu, na wewe ukitazama `incus list` unaona kila kitu kimewaka.

Kabla ya kusasisha mfumo, piga snapshoti, yaani picha ya kontena ilivyo wakati huo: `incus snapshot create malipo kabla`. Mambo yakiharibika, `incus snapshot restore malipo kabla` inarudisha kontena ilivyokuwa. Risiti zilizoingizwa katikati hapo nazo zinapotea, hivyo fanyeni kazi hii baada ya saa za ofisi.

Kuhusu usalama nitasema mawili. Kusasisha ndani ya kontena hakugusi kerneli. Seva yenyewe isasishwe na kuwashwa upya, la sivyo tundu moja la kerneli linakuwa la wapangaji wote. Pili, root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) wa ndani ya kontena kwa kawaida si root wa seva. Mtu akikushauri uweke `security.privileged=true` ili "iache kusumbua", mkatalie, maana inaondoa tofauti hiyo. Na anayetaka Windows atumie mashine pepe, yaani kompyuta kamili ya kuigizwa ndani ya seva, yenye kerneli yake.

Narudi kwenye snapshoti, hata nikionekana msumbufu: kwa kawaida inakaa kwenye diski ileile ya seva. Radi ikiunguza diski, na snapshoti imekwenda. Nakala rudufu ni hii, inayoandikwa kwenye diski ya nje (hapa `/mnt/nje`):

`incus export malipo /mnt/nje/malipo.tar.gz`

Kontena ya hifadhidata izime kwanza kwa `incus stop`, vinginevyo nakala itakuwa kama ya mashine iliyokatiwa umeme katikati ya muamala. Diski ya nje ikae jengo jingine, si kwenye droo chini ya seva. Kila baada ya muda ipeleke kwenye kompyuta nyingine yenye Incus, andika `incus import malipo.tar.gz`, iwashe, kisha mwombe mhasibu atafute humo risiti ya siku chache kabla ya nakala kuchukuliwa.