Bendera ya Apollo 11 na udongo uliogoma

Kazi yangu ni udongo: kuupima, kuutoboa, na kumwambia mkandarasi kama msingi wake utatulia au utatitia. Ndiyo maana nikisoma taarifa za safari za Apollo, zile za Wamarekani kwenda Mwezini, jicho langu hukimbilia kwenye mlingoti wa bendera. Julai 1969 wanaanga Armstrong na Aldrin wa Apollo 11 walihangaika kuusimika. Mwanzoni uliingia vizuri, halafu baada ya sentimita chache ukagoma. Waliuacha umesimama kwa shida, na injini ilipowashwa wakati wa kuondoka, Aldrin aliona bendera ikianguka.

Miaka michache kabla ya hapo, hofu ilikuwa kinyume kabisa. Mwanafizikia Thomas Gold alionya kwamba huenda bahari za Mwezi, yale mabaka meusi tunayoyaona tukiwa huku, zimejaa vumbi la kina kirefu la kumeza chombo. Februari 1966 chombo cha Kisovieti, Luna 9, kilitua bila kuzama, mjadala ukaanza kupoa. Miguu ya chombo cha Armstrong nayo ilizama kama sentimita 2 hadi 5 tu.

Kifusi hicho kinachofunika Mwezi wataalamu wanakiita regolithi. Kwenye bahari za Mwezi kina chake ni kama mita 4 hadi 5. Kwenye nyanda za juu kinafika mita 10 au 15. Kimetokana na vimondo vilivyougonga mwamba kwa mabilioni ya miaka, vikubwa vikipasua na vidogo vikisaga, mpaka chembe ya kawaida ikabaki na upana usiofika hata moja ya kumi ya milimita. Joto la mapigo hayo madogo huyeyusha sehemu ya vumbi na kugandisha chembe pamoja kwa kioo, zikawa vidonge vyenye matundu na kingo zinazokata.

Hapo ndipo penye siri yote. Mchanga wetu wa mtoni umeviringishwa na maji mpaka ukalainika. Mwezini hakuna maji wala upepo, kwa hiyo chembe iliyovunjika jana na ya miaka milioni iliyopita zote zina makali. Zinashikana. Alama ya kiatu cha mwanaanga inabaki na kuta wima bila tone la maji, jambo ambalo mchanga mkavu wa ufukweni hauwezi.

Sasa turudi kwenye mlingoti. Sentimita 15 za juu zina wastani wa gramu 1.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Kati ya sentimita 30 na 60 ni 1.74. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa kipimo cha msongamano linganifu, ambapo sifuri ni udongo uliolegea kabisa na mia ni ulioshindiliwa kabisa, juu ni asilimia 65 na chini ni 92 hivi. Kufikisha mchanga asilimia 92 kwenye eneo la ujenzi kunataka roller yenye mtetemo na msimamizi asiyechoka. Nani alishindilia Mwezini? Ni vimondo vilevile. Kila pigo linatifua juu na kutikisa chini, kama muuza mahindi anavyotikisa debe ili yashuke.

Aliyeonja adha hiyo zaidi ni David Scott wa Apollo 15, mwaka 1971. Alitakiwa kutoboa mashimo ya karibu mita 3 ya kupimia joto linalotoka ndani ya Mwezi. Shimo la kwanza liliishia mita 1.6 hivi. Lawama si ya udongo peke yake: mifereji ya kupandisha vumbi kwenye vyuma vya kutobolea ilikatika pale vyuma vinapoungana, vumbi likakosa pa kwenda na chuma kikakwama. Safari iliyofuata vilitengenezwa upya. Mimi naona hilo ni kosa la kawaida la watu waliofikiria nguvu ya kukata wakasahau njia ya kutolea taka.

Kwa wanaotaka kujenga huko, ushauri wangu ungekuwa ule ninaoutoa kila siku: kwangua tabaka legelege la juu, weka msingi kwenye lililoshiba. Tatizo ni mashine. Tingatinga husukuma kwa sababu ni zito, na Mwezini uzito wake ni moja ya sita tu. Likisukuma udongo ulioshikana namna ile, litateleza lenyewe. Wahandisi wa Kennedy Space Center, kituo cha NASA, shirika la anga la Marekani, wamebuni roboti iitwayo RASSOR yenye mapipa mawili ya kuchimbia, moja mbele na jingine nyuma, yanayozunguka kwa kupingana ili nguvu ya moja iifute ya mwenzake. Inachota kidogo kidogo. Kwa udongo ule, sioni njia nyingine ya maana.