Chombo cha Pate Hakichelewi

Wiki jana nimeisikia tena. Kijana anayejiandaa kwenda kufundisha kwa kujitolea katika Kisiwa cha Pate kaniambia, uso umemkunjuka kwa furaha, kwamba anachotamani ni kuishi mahali watu hawajali saa. Nafundisha wageni Kiswahili hapa Nairobi kabla hawajateremka Lamu, na kauli hiyo nimeipokea kwa Wajerumani, kwa Wamarekani na, linaloniuma zaidi, kwa Wakenya wenzangu wa bara wanaowapa wageni kana kwamba ni elimu. "Pwani ni polepole." Sivyo hata kidogo.

Chombo kinachotoka Lamu kwenda Pate kinaondoka kwa maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku yanasogea mbele. Leo safari ni saa nne, kesho inakaribia saa tano, keshokutwa adhuhuri inabisha hodi. Mgeni aliyeandika "saa nne" Jumatatu anafika gatini saa nne ile ile Alhamisi, anasubiri mpaka anachoka, halafu anawaandikia kwao kuwa watu hawa hawana ratiba. Ratiba anayo nahodha kichwani, na haibembelezeki. Ukiukuta mlango wa Siyu, mkondo wa kuingilia mji wa Siyu kisiwani humo, maji yamekwisha toka, mnapwelewa: chombo kinalala topeni katikati ya mikoko na nyinyi ndani yake. Na mji wa Pate nao, maji yakiwa yamepwa, mnashushwa kwenye gati la Mtangawanda, mnapiga mguu kama saa nzima na mizigo yenu.

Kwa hiyo usimuulize, "Tunaondoka saa ngapi?" Muulize, "Nahodha, maji yanajaa lini?" Utapata jibu kamili.

Hilo la dakika 50 wanafunzi hulishika haraka. Kinachowashinda ni bamvua na maji mafu, na hapa ndipo napoteza subira. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta bahari pamoja, ndiyo bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Pwani yetu siku hizo hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa zinageuka: saa nne ndiyo yamejaa, ingawa hayapandi kwa kishindo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliita mkutano wa akina mama kijijini, Jumamosi saa nne asubuhi. Hakuja mtu isipokuwa bibi wawili. Akanipigia simu, sauti imemshuka. "Mwalimu, hawanitaki." Nikamuuliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame, akanitajia tarehe ya kalenda. Ilikuwa mwezi kumi na sita. Saa nne hiyo mwamba ulikuwa mkavu, na wale akina mama walikuwa juu yake wameinama, nondo nyembamba mkononi, wakichokonoa pweza mashimoni. Siku kama hizo ni chache katika kila wiki mbili, na ndizo zinazolipa ada ya shule. Jumamosi iliyofuata, saa nne ile ile, mkeka ulijaa, akafurahi kwamba hatimaye wamemwamini. Nilimweleza kuwa ilikuwa mwezi ishirini na tatu na mwamba uko chini ya maji.

Mengine nayapita. Siku huanza magharibi, kwa hiyo ukialikwa maulidi usiku wa Ijumaa, nenda Alhamisi jua likishatua. Visima vingi vina chumvi. Maji ya mvua yanayowekwa kwenye jabia, yaani birika la kuhifadhia maji, ni ya kunywa na kupikia, usiyaoge. Ukiambiwa "ndoo" umeitwa, hukuagizwa ndoo.

Kinachonikosesha usingizi ni namna ya kufundisha haya. Darasa langu liko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Julai Nairobi inafunikwa na mawingu, tunapanda juu ya paa usiku kuutafuta mwezi na hatuuoni. Nikiwagawia jedwali la maji kujaa na kupwa wanashukuru, lakini nahisi nawaharibu: wanalishika jedwali na kuacha kuwauliza wavuvi.

Halafu kuna muda wenyewe. Wengi wanakwenda miezi mitatu, yaani bamvua sita tu. Ya kwanza wanashangaa, ya pili wanapwelewa, ya nne ndipo wanaanza kupanga masomo na mikutano kwa mwezi. Ya sita wako gatini na mabegi, na watoto waliokwisha kuwazoea wamesimama wanawatazama. Nimeanza kuwaambia wanaowaleta kwamba aliye na miezi mitatu pekee asipewe darasa lake mwenyewe. Akae nyuma, amsaidie mwalimu wa pale. Wengine wamekasirika. Kijana wa wiki jana nimempa kazi moja kabla hatujaonana tena: kila usiku mawingu yakipasuka, autafute mwezi na aniandikie ni wa ngapi.