Kengele ya Saa Kumi Ikishalia: Maswali ya Wazazi wa Pwani Kuhusu Vijana na Mihadarati

Shule ina walimu na sheria. Mbona haimalizi tatizo hili yenyewe?

Kwa sababu mambo mengi hutokea baada ya kengele ya saa kumi jioni, kabla mzazi hajarudi kutoka kazini. Katika mitaa ya Mombasa na Kilifi, wanaomwona kijana saa hizo ni mama wa viazi karai, vijana wa bodaboda, mwenye kibanda cha muguka na ustadhi wa madrasa. Mwalimu yeye humwona asubuhi, akisinzia kipindi cha kwanza. Mama mzazi huona sahani ya chakula haikuguswa. Kila mmoja ana lake alilolishuhudia, na hawakutani.

Muguka si majani tu?

Ni aina ya miraa, na nyingi hutoka Embu. Ina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo: moyo huenda mbio, njaa hukata, usingizi hupaa. Vijana wakitafuna hadi usiku, wengine hutafuta bangi au tembe ili walale, na hapo shida moja imezaa mbili. Ubongo huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Ndiyo maana anayeanza na miaka 13 huwa mraibu kwa urahisi kuliko anayeanza ukubwani.

Mei 2024 gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata, kisha mahakama ikasimamisha amri hizo. Tusikae kungoja amri nyingine.

Kila muhula shule hualika polisi na mtu aliyewahi kuwa teja. Haitoshi?

Haitoshi, na najua wengi hawatapenda jibu hili. Viwango vya kinga vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya vinasema wazi kwamba hotuba za kutisha na ushuhuda wa waliowahi kutumia havizuii, na pengine hudhuru. Kinachosaidia ni vipindi vya mfululizo ambapo watoto wenyewe wanafanya mazoezi: rafiki akikunyooshea kifurushi mbele ya wenzako, unamjibuje?

Kuna mahali shule na mtaa wamefaulu pamoja?

Aisilandi, nchi ya kisiwa kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika siku 30 zilizotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Wanafunzi waliulizwa maswali bila kuandika majina, na majibu yakarudishwa haraka kwa kila shule na mtaa wake. Wazazi wakakubaliana saa za watoto kuwa nyumbani, wakazunguka mtaani jioni kwa zamu, na serikali za miji zikachangia gharama za michezo na muziki. Sisi hatuna fedha zao. Lakini uwanja wa shule unaofungwa kwa kufuli saa kumi na nusu, kufuli hilo ni letu.

Tuanzie wapi?

Na kikao kimoja shuleni, wasiwe wazazi na walimu peke yao. Waje pia mzee wa mtaa, mhudumu wa afya wa jamii, imamu na mchungaji, na wenye vibanda. Muuzaji akiitwa kwa heshima kama mzazi, ni rahisi kumwomba asimuuzie aliyevaa sare. Baa iliyo karibu ni jambo la chifu na kamati ya leseni: sheria ya vileo ya 2010 inataka mita 300 kutoka shuleni.

Mwanafunzi akikamatwa na mihadarati, afukuzwe?

Hapana. Ukimfukuza umempa siku nzima ya kukaa maskani na watu walewale. Mwalimu mshauri azungumze naye faraghani, mzazi aitwe bila kuaibishwa mbele ya wengine, na kosa liwe na adhabu inayomwacha ndani ya shule. Nyumbani, usianze na kipigo. Muulize alianza lini, na nani, na usiku analalaje, kisha nyamaza umsikilize. Ukiona anatetemeka, haoni usingizi siku kadhaa au anazungumza na asiyekuwapo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ushauri, piga 1192, simu isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na vileo na mihadarati. Hata mwanafunzi mwenyewe anaweza kupiga.