Je, wajua kwa nini lugha za staki hazichagui mashine?

Ukitaka kukokotoa (3 + 4) × 5 kwa lugha nyingi za programu, unaandika karibu vile vile ulivyofundishwa hesabu, mabano na yote. Kwa Forth, mojawapo ya lugha za staki, unaandika hivi:

3 4 + 5 *

Isome kama mtu anayepanga sahani. 3 inawekwa chini, 4 inakaa juu yake. Alama ya + inaziokota mbili za juu, inazijumlisha na kurudisha 7. Halafu 5 inapanda juu ya 7, na * inazichukua zote mbili na kuacha 35. Rundo hilo ndilo staki: cha mwisho kuingia ndicho cha kwanza kutoka. Mabano hayana kazi hapa, maana mpangilio wenyewe unasema kipi kinatangulia.

Sasa tazama kisichokuwepo kwenye mstari ule. Hakuna rejista iliyotajwa, wala kudokezwa. Rejista ni zile nafasi chache zilizomo ndani ya prosesa yenyewe, ambamo namba hukaa wakati zinafanyiwa kazi, na hapo ndipo mashine zinapotofautiana kupita kiasi. Prosesa ya 6502, iliyoendesha Apple II, ina tatu tu za kufanyia kazi, A, X na Y, kila moja ya biti 8. Motorola 68000 ina 16, zote za biti 32. Kompaila ya kawaida, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine, lazima iamue thamani gani ikae rejista ipi, na ipi isukumwe nje kwenye kumbukumbu nafasi zikijaa. Uamuzi huo hufikiriwa upya kwa kila aina ya prosesa, na si kazi ya siku mbili. Staki inaukwepa. Alama ya + haiulizi namba ziko wapi. Inajua ziko juu.

Charles Moore, Mmarekani aliyeiunda Forth, alifika hapo kwa sababu ya uchovu zaidi kuliko nadharia. Miaka ya 1960 alihama kazi moja hadi nyingine, na kila alikokwenda alikuta kompyuta tofauti, kwa hiyo akajijengea zana ambazo angeweza kwenda nazo. Alitaka kuiita Fourth, yaani ya nne, kwa kuwa aliiona kama programu ya kizazi cha nne cha kompyuta. Lakini IBM 1130 aliyokuwa akiitumia mwaka 1968 haikukubali majina ya faili yanayozidi herufi tano. U ikatupwa, jina likabaki hivyo hadi leo.

Kuhama kwenyewe kunafanyikaje? Chukua neno dogo la Forth, ambalo tunaweza kulipa jina la Kiswahili bila lugha kulalamika:

: MRABA DUP * ;

Nukta mbili inafungua neno jipya, nukta mkato inalifunga. DUP inarudufu kilicho juu ya staki. Ukiandika 6 MRABA, inabaki 36. Utamu uko kwenye namna MRABA linavyohifadhiwa. Katika Forth za jadi, ndani yake hakuna agizo hata moja la prosesa. Kuna orodha ya anwani tu: anwani ya DUP, anwani ya *, kisha anwani ya neno linalosema rudi ulikotoka. Kipande kifupi cha msimbo kiitwacho NEXT huchukua anwani inayofuata kwenye orodha na kurukia huko. Kwenye prosesa ya 8086 kipande hicho kinaweza kuwa maagizo mawili, LODSW na JMP AX, ambayo kwa pamoja ni baiti 3. Kwenye kompyuta ya PDP-11 agizo moja linatosha.

Orodha ya anwani haijui iko kwenye prosesa gani. Wanaojua ni NEXT na maneno machache ya chini kabisa yasiyovunjika zaidi: kujumlisha, kusoma kumbukumbu, kuandika kumbukumbu, kuruka kama juu ya staki kuna sifuri, na mengine ya aina hiyo. Mwaka 1990 Bill Muench na C. H. Ting walitoa eForth, ambayo imesimama juu ya maneno ya msingi takriban 30. Yanayobaki yote yameandikwa kwa Forth yenyewe. Anayeihamishia mashine mpya anaandika hayo thelathini kwa lugha ya mashine hiyo, na sehemu kubwa iliyobaki inafuata. Kikundi cha Forth Interest Group, kilichoanza Marekani mwaka 1978, kilitumia mbinu hiyo kusambaza fig-Forth, Forth yake yenyewe, kwa prosesa za 6502, 8080, 6800 na nyinginezo, kama msimbo uliochapwa kwenye karatasi. Mnunuzi aliuingiza kwa mkono.

Wazo hilo halikubaki kwa Forth peke yake. Java ilipotangazwa mwaka 1995, mashine yake ya kubuni, yaani prosesa ya kufikirika inayoigizwa na programu, ilikuwa ya staki, kwa kuwa waliounda Java walitaka programu moja iende kwenye prosesa ambazo hawakuwa na habari nazo. Ukishakosa kujua rejista ni ngapi, dhana iliyo salama ni kwamba hakuna hata moja.

Gharama ipo. Kila ruko la NEXT linakula muda, na staki hupoteza maagizo mengi kwa kubeba thamani juu na kuzishusha tena. Lugha ya Lua ilikuwa ya staki, ikahamia rejista za kubuni katika toleo la 5.0 mwaka 2003. Dalvik, mashine iliyoendesha programu za simu za mwanzo za Android, nayo ilichagua rejista. Mimi sioni hilo kama ushahidi kwamba staki ilishindwa. Waliohama tayari walikuwa na watu wa kutosha kufanya kazi ngumu. Mtu mmoja mwenye prosesa mpya mezani bado ataanza na staki.

Hata hivyo, mashine huvujia ndani. Seli moja, yaani nafasi ya namba moja, ya Forth za zamani ilikuwa biti 16, yaani baiti 2, kwa hiyo watu waliandika 2 + kufikia seli inayofuata. Peleka msimbo huo kwenye mashine ya biti 32, utatua katikati ya namba. Kiwango cha ANS, cha Marekani, cha mwaka 1994 kilileta neno CELL+ kuondoa adha hiyo. Kugawanya nako kuna vituko: -7 2 / inatoa -3 kwa kiwango cha Forth-79, na -4 kwa kiwango kilichofuata, Forth-83.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa fig-Forth ya 6502. Prosesa ile ya awali ina kasoro: ukiiambia iruke kupitia anwani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, na anwani hiyo ikaanzia kwenye baiti inayoishia FF (255 kwa hesabu ya msingi wa 16), inasoma nusu ya pili mahali pasipo. Kwa hiyo, kila neno jipya linapoundwa, jina likishaandikwa, fig-Forth hukagua:

DP C@ 0FD = ALLOT

Maana yake: kama nafasi inayofuata inaishia FD, sogea baiti moja mbele, ili baada ya kiungo cha baiti 2 kinachoelekeza kwenye neno lililotangulia, anwani ya msimbo isiangukie FF. Hakuna IF wala THEN. Alama ya = huacha 1 kama ni kweli na 0 kama si kweli, na ALLOT husogeza mbele kwa kiasi hicho hicho. Ujanja mtupu. Kisha ikaja Forth-83, ambamo kweli si 1 tena bali -1. Mstari ule ule, bila kuguswa herufi, sasa unarudi nyuma baiti moja. Kasoro ya prosesa bado inaepukwa, kwa bahati tu, lakini kiungo kinaandikwa juu ya herufi ya mwisho ya jina la neno, na neno ulilolitengeneza sasa hivi halipatikani tena ukilitafuta.