Simu ikimsomea mtoto, ni kumdekeza?

"Akizoea kusomewa, atasoma lini mwenyewe?" Ndilo swali la kwanza la mzazi akiambiwa amwekee mwanawe programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Wasiwasi huo una haki yake, ila unachanganya mambo mawili: kutambua maneno na kuelewa habari. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili, hukwama kwenye la kwanza. Anahangaika na silabi, na akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Sauti humtua mzigo huo ili akili ibaki na kazi ya kuelewa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa, wakakuta wanafunzi wenye shida ya kusoma huelewa zaidi wakisomewa. Nafuu yenyewe si ya miujiza, lakini ipo.

Sharti ni macho yafuate maneno. Programu nyingi hupaka rangi neno linalotamkwa. Simu ikiwa mfukoni, huko ni kusikiliza hadithi tu (nako si kubaya). Na ba-be-bi-bo-bu za mwalimu zinaendelea palepale.

"Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, disleksia itoke wapi?" Hii ndiyo dhana inayowaumiza watoto wetu zaidi. Ni kweli irabu zetu tano hazina mitego ya Kiingereza. Ndiyo maana tatizo hujificha: mtoto hutamka sawa, ila polepole mno. Mpe "walipotuandikia" uone. Mwalimu anayehesabu makosa tu atamwita mvivu.

"Sauti yoyote itafaa." Haifai. Sauti ya Kiingereza ikipewa "ng'ombe", mtoto atachanganyikiwa kuliko mwanzo. Chagua ya Kiswahili, nayo uisikilize kwanza: "barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa huandikwa vilevile, mkazo ndio hutofautiana, na mashine yaweza kujikwaa hapo.

Wanaosema kusomewa kwenye mtihani ni udanganyifu, wajiulize kinachopimwa ni nini. Kama ni kusoma kwenyewe, wana hoja. Kama ni sayansi, hawana. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaorahisisha kupata vitabu kwa wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, na ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unawataja hata wenye ulemavu wa kusoma, si wasioona peke yao.

Gharama? Simu nyingi za Android zina huduma hii tayari, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Sauti ikishapakuliwa, kwa kawaida husoma hata bila bando. Punguza kasi kwanza. Ile inayokuja na simu huwakimbia watoto wengi.